Kuifuata Merikani kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Siku Tano Massachusetts na Connecticut

Bibi yangu alikuwa na mito miwili ya sufi ambayo foronya zake zilishonwa kwa kitambaa kigumu cha pamba, kisichopaushwa, chenye vijidoa vidogo vya kahawia ndani ya uzi. Alikiita amerikani. Wazee waliomtangulia walisema merikani. Kwangu lilikuwa jina tu, kama kaniki au bafta, na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Miaka mingi baadaye nilisimama ndani ya kiwanda cha zamani mjini Lowell, jimbo la Massachusetts, na mhifadhi akanipa nishike kipande cha kitambaa kilichofumwa palepale. Nilikipapasa kwa kidole gumba. Nilikuwa nakijua.

Kuanzia miaka ya 1820 meli za mji wa Salem zilikuwa zikija Zanzibar, na shehena yao kubwa ikaja kuwa nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts. Watu wa pwani wakaziita kwa jina la nchi zilikotoka. Misafara ya bara ikabeba merikani kama fedha: kwa mikono ya nguo hiyo ulilipa hongo, yaani ushuru wa machifu, njiani, ukanunua chakula, ukalipa wapagazi. Ikarudi na pembe za ndovu. Kwa hiyo kuna kipande cha historia ya Marekani ambacho sisi tuna haki ya kukisoma kama habari za nyumbani, na bahati nzuri kinatembeleka kwa miguu. Nimekitembea zaidi ya mara moja, nikiwa na wageni kutoka nyumbani na nikiwa peke yangu. Nakuandikia namna ya kukifanya kwa siku tano, uwe unaishi Marekani au unakuja kutembea.

Hatua ya 1: Shika kitu kimoja, usikiachie

Wageni wengi wa Boston hukimbilia vituo vyote 16 vya Freedom Trail, njia maarufu ya kihistoria mjini humo, kwa siku moja, wakapiga picha, na jioni hawakumbuki kanisa lipi lilikuwa lipi. Afadhali uchague kitu kimoja na kukifuata. Wengine hufuata chai, wengine vitabu, wengine dini. Mwongozo huu unafuata nguo.

Kila utakaposimama, jiulize: mali hii ilitoka wapi, na ikaenda wapi? Beba daftari dogo uandike jibu lako kabla hujaondoka mahali hapo. Vibao vya maelezo vitakwambia nyumba ilijengwa lini na nani alikaa humo. Mara nyingi havisemi fedha za kuijenga zilitoka wapi. Hilo utalitafuta kwa kuuliza, na wahifadhi wa hifadhi za taifa, wale wenye kofia pana, hupenda sana mtu anayewauliza swali la aina hiyo. Usiwaonee haya.

Hatua ya 2: Msimu, mahali pa kulala, na treni

Nenda Mei hadi katikati ya Juni, au Septemba. Julai na Agosti kuna joto la unyevu linalofanana na la Tanga, ila huku njia nyingine hazina kivuli. Oktoba majani hubadilika rangi na msitu hupendeza mno, lakini usiende Salem mwezi huo: watu humiminika kwa ajili ya sherehe za wachawi mpaka hupati pa kukanyaga. Majira ya baridi njia huwa na barafu na baadhi ya majumba hufungwa.

Lala Boston, mahali ambapo unafika North Station bila taabu. Hili ni jambo la maana kuliko unavyodhani, kwa sababu treni za miji mitatu tunayoitaka zote huondokea stesheni hiyo moja: ya Lowell, ya Salem (reli ya Newburyport na Rockport), na ya Concord (reli ya Fitchburg). Safari zenyewe ni kati ya nusu saa na dakika 45 hivi. Angalia vizuri: Boston ina stesheni kubwa mbili, na South Station ni nyingine kabisa, upande wa pili wa katikati ya mji. Wikendi shirika la usafiri wa umma, MBTA, huuza tiketi ya dola 10 inayokuruhusu kupanda treni hizi za mikoani kadiri upendavyo Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ukipanga miji miwili kati ya mitatu iangukie wikendi utaokoa fedha. Hakikisha bei na ratiba kwenye programu yao ya simu kabla ya kuondoka, maana treni za wikendi ni chache.

Kama unaishi Massachusetts, pitia kwanza maktaba ya umma ya mji wako. Maktaba nyingi huazima pasi za makumbusho kama zinavyoazima vitabu, na familia nzima huingia kwa bei ndogo au bure. Wenzetu wengi wamekaa miaka kumi hapa bila kujua hilo.

Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Beba maji, koti jepesi la mvua na soksi ndefu. Soksi ni kwa ajili ya kupe. Kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme, na hukaa kwenye nyasi na majani ya pembeni mwa njia. Pita katikati ya njia, chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi ujikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele za watoto. Pia kuna mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa ardhini na kupanda miti. Ukiugusa ngozi huwasha siku nyingi. Mfundishe mtoto kutogusa chochote chenye majani matatu.

Ukiwa na watoto, omba kwenye kituo cha wageni cha kila hifadhi ya taifa kijitabu cha wahifadhi wadogo. Mtoto hujibu maswali akiwa anatembea, akimaliza anaapishwa na kupewa beji. Hulipi chochote.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, pande mbili za kilima cha Beacon Hill

Anzia kwenye sanamu ya shaba iliyo mkabala na jumba la serikali ya jimbo, pembezoni mwa bustani ya Boston Common. Ilizinduliwa 1897, na inaonyesha Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari Weusi waliopigania Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiwa na kamanda Mzungu, Robert Gould Shaw. Tazama nyuso. Mchongaji, Augustus Saint-Gaudens, alimpa kila askari sura yake mwenyewe, na wakati ule hilo lilikuwa jambo geni. Askari hawa walipewa mshahara mdogo kuliko Wazungu, wakaukataa wote, wakapigana bila malipo mpaka Bunge liliposawazisha mwaka 1864.

Sasa teremka barabara ya Beacon mita chache mpaka nyumba namba 39 na 40, mbili zilizoshikana, zinazotazama bustani. Namba 39 ilikuwa nyumba ya Nathan Appleton, mmoja wa matajiri walioanzisha viwanda vya Lowell. Andika kwenye daftari: fedha za nyumba hii zilitoka kwenye nguo, na pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini.

Rudi, uvuke kilima kwa barabara ya Joy hadi upande wa kaskazini. Mwendo ni dakika kumi tu, lakini hapa ndipo walipoishi Weusi huru wa Boston. Kuna njia ya kilomita 2.5 hivi iitwayo Black Heritage Trail, na msimu ukiwa mzuri wahifadhi wa hifadhi ya taifa huwatembeza watu bure. Mwisho wake ni African Meeting House, kanisa la matofali lililojengwa 1806. Januari 1832 William Lloyd Garrison na wenzake walianzisha humu ndani chama cha kupinga utumwa cha New England. Ingia, ukae kwenye benchi dakika tano bila simu.

Nyumba ambayo huwa nasimama muda mrefu zaidi ni namba 66 barabara ya Phillips. Ni makazi ya watu mpaka leo, kwa hiyo utaitazama ukiwa nje. Hapa waliishi Lewis na Harriet Hayden, wenyewe wakiwa wamekimbia utumwa Kentucky, na wakawapokea William na Ellen Craft. Hao wawili walitoroka Macon, jimbo la Georgia, Desemba 1848. Ellen alikuwa mweupe wa ngozi. Akavaa kama bwana wa kizungu mgonjwa, akafunga mkono kwa bendeji ili asiombwe kutia saini kwa kuwa hakujua kuandika, na mumewe akajifanya mtumishi wake. Wakapanda treni na meli mpaka Kaskazini. Wawindaji wa watumwa walipowafuata Boston mwaka 1850, Lewis Hayden aliapa kuilipua nyumba yake kwa baruti kuliko kumtoa mtu.

Kilima kimoja, pande mbili. Upande wa kusini aliishi aliyetajirika kwa pamba, na upande wa kaskazini walijificha waliotoroka Georgia ya pamba.

Mchana fuata mstari mwekundu wa Freedom Trail hadi Faneuil Hall. Jengo hili la 1742 huitwa kitovu cha uhuru, na Peter Faneuil aliyelijenga alifanya pia biashara ya watumwa. Njiani, mbele ya jumba la zamani la serikali, kuna duara la mawe linalokumbusha mauaji ya Machi 5, 1770, askari wa Uingereza walipowapiga watu risasi. Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani, aliuawa siku hiyo. Mwenye magoti mazima aendelee mpaka mnara wa Bunker Hill, apande ngazi 294.

Hatua ya 4: Siku ya pili, msituni Concord

Hii ndiyo siku ya kutembea kweli. Aprili 19, 1775 wakulima wa Massachusetts walipambana na jeshi la Mwingereza Lexington na Concord, na vita vya uhuru vikaanza. Hifadhi ya Minute Man ina njia iitwayo Battle Road yenye urefu wa kilomita 8 kwenda tu, inayopita mashamba, kuta za mawe yasiyo na saruji, vinamasi vyenye madaraja ya mbao, na nyumba zilizoshuhudia siku hiyo. Hakuna kiingilio.

Kutoka stesheni ya Concord tembea kwanza hadi daraja la North Bridge. Lililopo sasa ni nakala ya mbao, lakini mto ni uleule, mpole na wa kahawia. Kando yake lipo kaburi la askari wa Kiingereza waliokufa hapo. Vuka barabara uende Robbins House, nyumba ndogo ya mbao iliyokuwa ya watoto wa Caesar Robbins, mtumwa wa zamani aliyepigana katika vita vya uhuru. Huwa wazi zaidi majira ya joto.

Baada ya hapo amua: Battle Road au ziwa la Walden. Vyote viwili siku moja ni kujitesa. Ukichagua Battle Road, anzia Meriam's Corner, mashariki ya mji, na kama hujazoea mwendo mrefu ishia nyumba ya Hartwell Tavern, urudi. Ukichagua Walden, tembea kusini kutoka stesheni kama nusu saa. Njia ya kuzunguka ziwa ni kilomita 2.7. Mwandishi Henry David Thoreau aliishi hapo katika kibanda alichokijenga mwenyewe kati ya 1845 na 1847, na mwaka 1846 alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi kwa serikali iliyokubali utumwa. Kabla yake waliishi msituni humo Weusi walioachwa huru, miongoni mwao Brister Freeman, ambaye kilima kimoja kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwenda kwa miguu kunakuepusha na maegesho ya Walden, ambayo siku za joto hujaa asubuhi na kufungwa.

Nguo ipo wapi hapa? Ipo. Miaka ya kuelekea vita, wakoloni waligomea bidhaa za Uingereza, na wanawake wakasokota na kufuma majumbani ili wasinunue nguo za Mwingereza. Kuvaa nguo ya kufumwa nyumbani kukawa tamko la siasa. Baada ya uhuru swali likabaki: tutafuma wapi nguo za nchi nzima? Jibu lipo Lowell.

Hatua ya 5: Siku ya tatu, Lowell, na ukae siku nzima

Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikwenda Uingereza mwaka 1810 na kutembelea viwanda vya nguo. Waingereza walikataza mashine na michoro yake kutoka nje ya nchi. Basi yeye akatazama, akakariri, akarudi, na kwa msaada wa fundi Paul Moody akaunda mtambo wa kufuma unaoendeshwa kwa nguvu ya maji, mjini Waltham. Alifariki 1817. Wenzake wakatafuta mto wenye maporomoko makubwa zaidi, wakaupata Merrimack, unaoshuka kama mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket, na mji walioujenga hapo wakaupa jina lake.

Kutoka stesheni ni dakika 20 kwa miguu hadi kituo cha wageni cha hifadhi, barabara ya Market. Chukua ramani ya mifereji. Jumla ya mifereji ni karibu kilomita 9, na mingi ilichimbwa kwa sururu na koleo na vibarua kutoka Ireland. Usikimbilie makumbusho. Tembea kwanza kando ya maji: fuata mfereji wa Merrimack, uangalie maji yanavyoingia chini ya jengo upande huu na kutoka mtoni upande wa pili. Katikati hapo, gizani, ndipo yalipozungusha magurudumu. Ukielewa hilo umeuelewa mji mzima.

Halafu ingia makumbusho ya kiwanda cha Boott Cotton Mills. Mlangoni mwa chumba cha kufumia utapewa vizibo vya masikio, vichukue. Mle ndani kuna mitambo zaidi ya 80, na hata ikiwashwa michache tu, sakafu ya mbao hutetemeka chini ya nyayo zako mpaka meno yanagongana. Mikanda ya ngozi inazunguka juu darini. Kuna harufu ya mafuta ya mashine na ya pamba kavu. Nilijaribu kumwambia neno mwenzangu aliyesimama hatua moja kutoka kwangu. Aliona midomo tu. Sasa fikiria mitambo yote ikiwaka, madirisha yamefungwa ili unyevu usitoke uzi usikatike, vumbi la pamba hewani, na wewe ni msichana wa miaka 17 uliyetoka shambani Vermont, ukianza kazi kabla ya jua na kutoka usiku, kengele ikikuamsha, kengele ikikulisha, kengele ikikulaza. Wasichana hawa waligoma 1834, wakagoma tena 1836. Katika miaka ya 1840 Sarah Bagley aliwaongoza kudai siku ya kazi ya saa kumi. Jirani na kiwanda kuna nyumba ya bweni walimolala. Ingia uone vitanda vyao.

Baada ya hapo jiulize swali letu. Pamba ilitoka wapi? Kusini, kwa watumwa. Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alisema wazi mwaka 1848 kwamba mabwana wa mjeledi na mabwana wa mtambo wa kufuma wameungana. Nguo ilikwenda wapi? Nyingine ilirudi kulekule. Viwanda vya Lowell vilifuma nguo nene ya bei rahisi ya kuwavisha watumwa, na watumwa wenyewe wakaiita "lowell". Wazee walioulizwa habari za utumwa katika miaka ya 1930 walikuwa bado wanalitumia neno hilo: tulivaa lowell.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilikaa chini kwenye ngazi za nje. Arkansas mtu aliivaa nguo ya huku akaiita lowell, Zanzibar mtu akaivaa akaiita merikani. Kila mmoja aliipa nguo jina la mahali asipopaona.

Viwanda vilihama na kufungwa katika karne ya 20. Mji haukufa. Baada ya Waairishi walikuja Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, kisha Wakambodia, na siku hizi Lowell ni moja ya miji ya Marekani yenye Wakenya wengi. Jioni, kabla ya treni, tafuta mkahawa wa kwetu, uagize ugali na sukuma wiki. Utasikia Kiswahili meza ya jirani, umbali mfupi kutoka mahali ilipofumwa merikani.

Hatua ya 6: Siku ya nne, gati la Salem

Shuka stesheni ya Salem, shika barabara ya Essex. Utapita maduka ya wachawi mengi. Kesi za 1692 ni historia ya kweli na ya kusikitisha: watu 19 walinyongwa na mmoja akagandamizwa kwa mawe mpaka kufa. Kumbukumbu yao, mabenchi ya mawe yenye majina pembeni mwa makaburi ya Charter Street, inastahili kimya chako cha dakika chache. Maduka unaweza kuyapita.

Sisi tunakwenda gatini. Hifadhi ya Salem Maritime, ya mwaka 1938, ndiyo eneo la kwanza kabisa la kihistoria kutangazwa na serikali ya taifa la Marekani. Simama kwanza mbele ya jumba la forodha la 1819, lenye tai wa dhahabu juu ya paa. Meli zilizorudi Salem kutoka Zanzibar zililipa ushuru wa shehena yao mjini humu: pembe, karafuu, ngozi, na sandarusi. Sandarusi ni ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini kwenye mrima wetu. Hapa Salem Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha, kisha ikatengenezewa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi.

Kisha tembea Derby Wharf mpaka mwisho. Ni karibu mita 800, mawe na nyasi, bila ukuta wa kukukinga, na upepo wa Atlantiki hautanii hata mwezi wa Juni. Mwisho kabisa upo mnara mdogo wa taa, mweupe, wa 1871. Zamani gati hili lilikuwa limejaa maghala kutoka mwanzo mpaka mwisho. Leo yamebaki maji na ndege. Geuka uutazame mji kama nahodha alivyouona akirudi baada ya mwaka au zaidi baharini.

Hapo mwisho wa gati ndipo pazuri pa kusoma habari hizi. Septemba 21, 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mjini Muscat. Mwaka 1837 Richard Waters, mwana wa Salem, alifika Zanzibar kuwa konseli wa kwanza wa Marekani, huku akifanya biashara yake kwa mapatano ya karibu na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sultani. Mwaka 1840 Sayyid Said naye akatuma meli yake, Sultana, mpaka New York, chini ya mjumbe Ahmad bin Na'aman. Watu wa New York walijazana bandarini kuitazama, na mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad akiwa na kilemba na ndevu zake. Sultana iliporudi ilipakia, pamoja na mengine, marobota ya nguo za pamba za Marekani.

Tajiri mwingine wa biashara hii alikuwa John Bertram. Jumba lake la matofali mekundu lipo barabara ya Essex namba 370, na leo ni maktaba ya umma ya Salem. Ingia, ni bure. Karibu na hapo lipo Peabody Essex Museum, makumbusho yaliyotokana na chama cha manahodha cha 1799. Uanachama ulikuwa wa mtu aliyevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn tu, na vitu walivyokusanya safarini ndivyo vilivyoanzisha makumbusho. Kiingilio si kidogo. Hapa ndipo pasi ya maktaba inapofaa.

Biashara ya merikani ilivunjika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861. Pamba ya Kusini haikufika viwandani, nguo zikaadimika, na Zanzibar ikajazwa na nguo za Uingereza na Bombay. Jina likabaki. Ndiyo maana bibi yangu aliita amerikani kitambaa ambacho pengine hakijawahi kuiona Marekani.

Hatua ya 7: Siku ya tano, Connecticut, kwa gari

Hii ni siku ya hiari, lakini mtu wa kwetu asiikose. Kodi gari, uendeshe zaidi ya saa mbili kutoka Boston mpaka bonde la mto Connecticut, kwenye vijiji jirani vya Deep River na Ivoryton. Bila gari unaweza kupanda Amtrak kutoka South Station hadi Old Saybrook na kumalizia kwa teksi.

Jina la Ivoryton maana yake ni mji wa pembe. Samuel Comstock alikata pembe za ndovu hapa kutengeneza vitana, na baadaye vibonyezo vya piano. George Cheney, aliyekuja kuwa mshirika wake, aliishi Zanzibar katika miaka ya 1850 akinunua pembe. Deep River kulikuwa na washindani wao, kampuni ya Pratt, Read. Sehemu kubwa ya pembe zilizofika vijiji hivi zilipitia Zanzibar, zikiwa zimetoka Tabora, Ujiji na mbele zaidi, mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi na mabegani mwa watumwa.

Egesha gari Ivoryton, utembee barabara kuu polepole. Nyumba za wafanyakazi zipo, maktaba ipo, na ukumbi wa maigizo uliopo ulijengwa 1911 kama jumba la starehe la wafanyakazi wa kampuni. Kijiji kina utulivu, nyasi zimekatwa sawasawa. Kisha nenda Deep River. Chama cha historia cha mji kina jumba la mawe lenye vifaa vya kazi hiyo; hufungua saa chache, hasa majira ya joto, kwa hiyo piga simu kabla hujatoka Boston. Uliza habari za vibanda vya kupaushia. Vipande vyembamba vya pembe vilipangwa chini ya vioo, safu kwa safu, juani kwa wiki nyingi mpaka viwe vyeupe pande zote, kama mtu anavyoanika dagaa.

Tangu siku hiyo, kila ninapoingia ukumbi wa kanisa au shule ya zamani Marekani yenye piano kuukuu, huinama kutazama vibonyezo vyake vyeupe. Fanya hivyo nawe. Ukiona mstari mwembamba unaokata kila kibonyezo, mahali kipande kipana cha mbele kinapokutana na kile chembamba cha nyuma, na ukiinamisha kichwa mwanga ukaonyesha michirizi kama ya ubao, hiyo ni pembe. Iguse. Ina ubaridi kidogo, na mahali vidole vilipopita zaidi pana bonde.